Namna ya Kuchagua Chuo Kidogo cha Sanaa Huria Marekani kwa Kuangalia Maisha Yake ya Ndani

Mwaka 1960 Wangari Maathai, akiwa amemaliza masomo yake Loreto Limuru, alisafiri pamoja na vijana wengine wa Kenya hadi Marekani na kujiunga na Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wasichana kilichoendeshwa na masista Wabenedikto katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas, ambako alihitimu shahada ya biolojia mwaka 1964. Miongo minne hivi baadaye Mkenya mwingine, Lupita Nyong'o, alisomea filamu na maigizo Hampshire, chuo cha jimbo la Massachusetts kilichofunguliwa mwaka 1970 na kujulikana kwa kutotoa alama za A na B, bali tathmini ya maandishi kuhusu kazi ya kila mwanafunzi. Kwa jina, vyuo hivi viwili ni vya aina moja, yaani vyuo vidogo vya sanaa huria, ambavyo hufundisha shahada ya kwanza karibu pekee, humtaka mwanafunzi aguse sayansi, historia, fasihi na falsafa huku akijikita katika fani moja, na kwa kawaida huwa na wanafunzi kati ya elfu moja na elfu tatu. Kwa maisha ya kila siku, hata hivyo, vilikuwa mbali sana, na kijana ambaye angestawi katika kimoja angeweza kabisa kudhoofika katika kingine.

Jambo hili lina uzito zaidi katika chuo kidogo kuliko katika chuo kikuu chenye wanafunzi elfu arobaini. Mahali pakubwa mtu hutafuta kona yake na watu wake, na desturi za wengine zikampita mbali. Mahali penye watu elfu moja na mia tano, wanaokula katika bwalo moja na kulala katika mabweni yanayotazamana, desturi ya walio wengi ndiyo hewa ya wote. Mwongozo huu unamlenga kijana wa Afrika Mashariki anayeandaa orodha ya vyuo, au aliyekwisha kupokea barua mbili tatu za kukubaliwa, pamoja na mzazi atakayekaa naye mezani kuamua, na ambaye kwa kawaida hana uwezo wa kusafiri kwenda kuviona vyuo kabla ya kuchagua.

Fedha hutangulia, na nitazitaja kwa ufupi tu, kwa sababu chuo usichoweza kukilipia hakikufai hata kama kila kitu kingine kimekaa sawa. Amherst na Bowdoin ni miongoni mwa vyuo vichache ambavyo havitazami uwezo wa kulipa vinapomkubali au kumkataa mwombaji wa kigeni, na hugharimia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia kwa anayekubaliwa. Vyuo vingi vilivyobaki hutazama uwezo huo. Berea, katika jimbo la Kentucky, hakitozi ada ya masomo kabisa, na badala yake kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni kwa saa zisizopungua kumi kwa wiki. Wakimbiaji na wachezaji mpira wafahamu pia kwamba vyuo vingi vya aina hii vipo katika daraja la tatu la michezo ya vyuo, ambamo ufadhili wa kimichezo hauruhusiwi; msaada utakaopewa utatokana na hali ya kipato cha familia yako au ubora wa masomo yako.

Soma kalenda na mitaala kabla ya kutazama picha

Vijitabu vya vyuo hivi vinafanana mno: mti mkubwa, wanafunzi wanne wanaocheka, profesa aliyeketi nao kwenye nyasi. Usipoteze muda hapo. Utamaduni wa chuo umo katika taratibu zake, kwa sababu taratibu ndizo zinazoamua utalala saa ngapi, utazungumza na nani na utaogopa nini.

Tazama kwanza jinsi mwaka unavyogawanywa. Colorado College, tangu mwaka 1970, hufundisha somo moja tu kwa wakati mmoja kwa wiki tatu na nusu, kisha linafuata jingine. Darasa la jiolojia linaweza kwenda milimani siku kadhaa bila kumkosesha mtu kipindi cha somo lingine. Lakini anayeugua wiki moja hupoteza karibu theluthi ya somo zima. Carleton, katika mji wa Northfield, Minnesota, kina mihula mitatu ya wiki kumi kumi, ambamo kwa kawaida mwanafunzi huchukua masomo matatu kwa kasi kubwa, na mapumziko yake ya majira ya baridi huanza mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi mwaka mpya. Kwa mwanafunzi ambaye nyumbani kwao ni saa mbili kwa gari, hayo ni mapumziko mazuri. Kwa mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu ni wiki sita hivi ambazo nauli ya kurudi nyumbani huenda isipatikane, hivyo kabla ya kukipenda chuo chochote uliza kwa maandishi: mabweni yanafungwa lini, nani anaruhusiwa kubaki, bwalo linafunguliwa siku zipi, na je, anayebaki hulipia zaidi? Majibu ya swali hilo moja hueleza mengi kuhusu namna chuo kinavyowakumbuka wanafunzi wake wa kigeni.

Kisha tazama mitaala. Grinnell, katika jimbo la Iowa, humlazimisha kila mwanafunzi somo moja tu la pamoja, semina ya mwaka wa kwanza. Mengine yote huyapanga na mshauri wake, juu ya masharti ya fani atakayoichagua. Amherst nako ni karibu hivyo hivyo. Reed, katika mji wa Portland, Oregon, kina mkondo tofauti kabisa: wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza husoma pamoja kozi moja kubwa ya fasihi, falsafa na historia, kazi zao hurudishwa zikiwa na maoni badala ya alama, na hakuna anayehitimu bila kuandika tasnifu katika mwaka wa mwisho. Uhuru wa Grinnell unamfaa kijana anayejua kuomba ushauri na kuukataa inapobidi. Anayependa watu wote wa rika lake wawe wanasoma kitabu kimoja usiku mmoja, ili mjadala wa darasani uendelee hadi mezani, atajisikia nyumbani zaidi Reed. Hakuna ulio bora kuliko mwingine, ila kuna ulio wako.

Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu wanafunzi wetu wengi hushtushwa na jambo ambalo hawakuliuliza. Mifumo yetu ya shule, iwe ya Tanzania, Kenya au Uganda, humpima mwanafunzi kwa mtihani wa mwisho, na kumbishia mwalimu mbele ya darasa huonekana utovu wa adabu. Katika vyuo hivi darasa la watu kumi na tano ni la kawaida, kuchangia mjadala mara nyingi ni sehemu ya alama, na kunyamaza husomwa kuwa ni kutojiandaa. Williams huenda mbali zaidi: kina kozi ambazo wanafunzi wawili tu hukutana na profesa kila wiki, mmoja akisoma insha yake na mwenzake akiikosoa, kisha wanabadilishana. Kwa kijana mwenye haya hiyo inaweza kuwa shule kubwa ya kujieleza, au mzigo wa kila juma; ni yeye anayejua ni lipi kati ya hayo mawili. Uliza pia muhula wa kwanza unahesabiwaje. Swarthmore, chuo chenye sifa ya masomo mazito, hakiweki alama za muhula wa kwanza katika hesabu ya wastani. Huandika tu kama umefaulu. Hiyo ni nafasi ya kupumua kwa mtu ambaye wakati huo huo anajifunza kuishi katika nchi nyingine.

Uaminifu nao hupangwa kwa namna mbalimbali. Haverford, kilichoanzishwa mwaka 1833 na Waquaker, watu wa dhehebu moja la Kikristo, huwaachia wanafunzi mitihani mingi bila msimamizi, kila mmoja akichagua saa yake ya kuifanya, na wanafunzi wenyewe hukutana kila mwaka kuthibitisha upya kanuni zao za uaminifu. Mahali kama hapo mwenzako akikukosea utatarajiwa umkabili wewe mwenyewe kwa maneno kabla ya kwenda kwa wakubwa. Jiulize kwa dhati kama unaweza.

Mahali penyewe

Mji wa Grinnell una watu elfu tisa hivi na umezungukwa na mashamba ya mahindi na soya. Usiku wa Jumamosi chuo ndicho mji. Macalester kiko ndani ya St. Paul, mji mkuu wa Minnesota, ambako unatoka getini ukakuta basi, mikahawa na watu wasiohusika na chuo. Swarthmore kina kituo cha treni chini ya kilima chake, na treni hiyo inakufikisha Philadelphia. Tofauti ya namna hii ina uzito kuliko wengi wanavyodhani, hasa kwa aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa, kwa kuwa upweke wa mji mdogo hauji mwezi wa kwanza, mwezi wa shughuli za kukaribishana, huja Februari.

Udogo hupunguzwa na ujirani. Amherst, Smith, Mount Holyoke na Hampshire, pamoja na chuo kikuu cha umma kilichopo mjini Amherst, viliunganishwa kwa makubaliano yanayomruhusu mwanafunzi wa kimoja kuchukua masomo katika kingine, na mabasi yakiwaunganisha. Kule California vyuo vitano vya Claremont, kikiwemo Pomona, vimepakana kiasi kwamba mwanafunzi huvuka barabara na kula katika bwalo la jirani. Ukikipenda chuo lakini unahofia kuzichoka sura zile zile, angalia kama kina majirani, kisha mwulize mwanafunzi ni mara ngapi yeye mwenyewe hutumia nafasi hiyo. Basi linalopita kila saa halina faida kama hakuna anayelipanda.

Kuhusu baridi, usiku wa Januari huko Minnesota na Iowa hushuka kwa kawaida chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Watu huzoea kwa mavazi, na vyuo vingine vina fungu la kuwanunulia wageni koti, uliza. Linalowashinda wengi zaidi ni jua kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Usiku wa Jumamosi, Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi

Mwanafunzi hapaswi kuona haya kuuliza watu hufanya nini mwisho wa juma. Katika baadhi ya vyuo vidogo maisha ya jioni huongozwa na vyama vya udugu vya wanafunzi, vyenye nyumba, sherehe na masharti yao ya kujiunga. Vingine vimeviondoa: Williams kilianza mwaka 1962, Amherst kikafuata mwaka 1984, na Swarthmore vyama viwili vya mwisho vya wanaume vilijivunja mwaka 2019. Michezo nayo hujenga makundi. Katika vyuo kama Williams na Bowdoin, takriban theluthi ya wanafunzi wamo katika timu za chuo. Timu hula pamoja, husafiri pamoja, na asiyekuwamo huliona hilo. Sheria ya Marekani inaruhusu pombe kuanzia umri wa miaka 21, lakini ipo katika mabweni mengi, na vyuo vingi vimetenga nyumba au sakafu za wanaotaka kuishi mbali nayo. Ukitaka kuishi huko, uliza nafasi ni ngapi na kama wa mwaka wa kwanza hupata.

Kwa upande wa dini, asili ya chuo isikupoteze. Swarthmore kilianzishwa na Waquaker lakini leo hakifungamani na dini yoyote. Wheaton cha Illinois, kinyume chake, ni cha Kikristo cha kiinjilisti hadi leo, na anayejiunga hukubali agano la maisha linalogusa mwenendo wake wa kila siku. Kijana Mlokole wa Kampala anaweza kupata huko ndugu aliowatafuta, mwingine atabanwa. Agano la namna hiyo lisomwe lote kabla ya kutuma maombi. Mwislamu wa Pwani au Zanzibar aulize mambo yanayopimika: kuna chumba cha sala kilichotengwa, msikiti wa karibu uko umbali gani na mtu anafikaje, bwalo lina nyama halali kila siku au siku za sherehe tu, na mwezi wa Ramadhani daku hupatikana vipi? Jibu kwamba "tunakaribisha dini zote" ni la upole lakini halimfuturishi mtu.

Kuwa Mwafrika mahali hapo

Idadi ya wanafunzi wa kigeni ni mwanzo tu wa habari. Uliza wametoka wapi, kwa kuwa chuo kinaweza kuwa na asilimia kubwa ya wageni na bado kusiwe na mtu hata mmoja wa kutoka kusini mwa Sahara katika darasa lako. Macalester kina historia ndefu ya upande huu: hupeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa, na Kofi Annan wa Ghana alihitimu hapo mwaka 1961. Vyuo vingi pia hupokea wahitimu wa UWC, mtandao wa shule za kimataifa, ikiwemo ile yenye kampasi Moshi na Arusha, kupitia ufadhili wa Davis uliotengwa kwa ajili yao, na palipo na wengi wao mgeni hukuta tayari meza ya watu waliokwisha kuzoea kuwa wageni. St. Lawrence, kaskazini mwa jimbo la New York, kimekuwa kikiwapeleka wanafunzi wake Kenya kwa muhula mzima tangu mwaka 1974. Ni faraja kukutana na Wamarekani wanaoujua Nairobi kwa kuishi, si kwa habari za televisheni.

Kuna suala zito zaidi. Ukifika Marekani utaonekana mtu mweusi kabla hujaulizwa kwenu ni wapi, na historia ambayo hukulelewa nayo itakugusa. Katika vyuo vingi vidogo wanafunzi waliotoka Afrika na Wamarekani Weusi wana vyama tofauti, ambavyo pengine hushirikiana na pengine hupishana tu. Mwulize Mwafrika aliyeko huko yeye hula na nani. Fikiria pia Morehouse cha wanaume na Spelman cha wanawake, vyuo vya sanaa huria vilivyopakana mjini Atlanta na kuanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Martin Luther King Jr. alihitimu Morehouse mwaka 1948. Hapo rangi yako haitakuwa jambo la kuelezewa kila siku. Naona ajabu kwamba waombaji wetu wengi hawaviweki kabisa katika orodha.

Kujua ukweli ukiwa mbali

Chombo ninachokiamini kuliko vyote ni gazeti la wanafunzi. Karibu kila chuo kinalo na husomwa bure mtandaoni: The Williams Record, Scarlet & Black la Grinnell, The Carletonian, The Phoenix la Swarthmore, The Mac Weekly. Soma matoleo ya mwaka mzima, hasa ya Oktoba na Februari, na utafute kinachorudiwa. Malalamiko yenyewe yasikutishe, kwani gazeti lisilo na malalamiko ndilo la kutilia shaka. Angalia wanalalamikia nini, kwa lugha gani, na uongozi ulijibu nini na baada ya muda gani. Chuo ambacho ugomvi wake mkubwa wa mwaka ni saa za maktaba hakiwezi kufanana na kile ambacho ugomvi wake ni namna wanafunzi walivyotendewa baada ya kuripoti unyanyasaji.

Cha pili ni waraka uitwao Common Data Set, ambao vyuo vingi huutoa kila mwaka kwa mpangilio ule ule, hivyo unaweza kuvilinganisha ukurasa kwa ukurasa. Sehemu B inaonyesha asilimia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliorudi mwaka wa pili, F inaonyesha wangapi wanaishi chuoni na wangapi wamo katika vyama vya udugu, H misaada kwa wageni, na I ukubwa wa madarasa.

Cha tatu ni watu. Omba ofisi ya udahili ikuunganishe na mwanafunzi wa kutoka Afrika Mashariki, kisha umtafute mwingine usiyepewa na ofisi, kupitia shule yako ya zamani au kituo cha EducationUSA, huduma ya serikali ya Marekani ya kuwashauri waombaji wa vyuo, cha Nairobi au Dar es Salaam, ambacho ushauri wake ni wa bure. Usimwulize kama anakipenda chuo. Kwa adabu yetu atasema anakipenda. Mwulize alikula na nani jana usiku, Desemba iliyopita alikaa wapi, mara ya mwisho alipoelemewa alimwendea nani, profesa gani analijua jina lake na analitamka sawasawa, na rafiki yake aliyehama alihama kwa nini. Kama ni dada au kaka aliyekutangulia kwa miaka mingi, kumbuka anaeleza chuo cha wakati wake.

Usisahau kupima uhai wa chuo chenyewe. Marlboro cha Vermont kilifunga kampasi yake mwaka 2020, na Wells cha New York, kilichoanzishwa mwaka 1868, kilifungwa mwaka 2024. Idara zinazofutwa, walimu wanaopunguzwa na wanafunzi wapya wanaopungua mwaka hadi mwaka ni dalili za kuulizia waziwazi, maana mwenye visa ya masomo huyumba zaidi chuo kinapofungwa.

Kupima na kuamua

Vyuo vikibaki viwili au vitatu, andika ratiba ya wiki moja ya Februari katika kila kimoja, kwa kutumia vipindi halisi vya tovuti ya chuo, saa za bwalo, kazi utakayofanya, ibada, na njia ya kwenda mjini. Palipo na nafasi usiyojua utaijaza na nini, hapo ndipo pa kuulizia tena. Kwa maoni yangu mambo matatu yastahili uzito kuliko mengine: mwalimu anayekufahamu, mahali pa kukaa chuo kinapofungwa, na watu wa kula nao. Orodha za ubora nazipa uzito mdogo, kwani vyuo viwili vilivyopishana nafasi kumi kwenye orodha huweza kuwa na walimu wa kiwango kimoja. Reed, chuo kigumu kuliko vingi, kimekataa kushirikiana na U.S. News, watoaji wa orodha maarufu ya ubora wa vyuo vya Marekani, tangu mwaka 1995.

Jamaa watauliza ni chuo gani hicho wasichowahi kukisikia, na swali lao si la kudharauliwa, kwa sababu nyuma yake mna wasiwasi wa haki kuhusu ajira. Wajibu kwa ushahidi: wahitimu wa chuo hicho wamekwenda kusomea udaktari, uhandisi au sheria wapi, na wangapi wamerudi kufanya kazi Afrika. Ofisi ya taaluma na ajira ya chuo hutoa taarifa hizo ikiombwa. Usitie saini ya maombi ya mapema yanayokufunga, yaani yale ambayo ukikubaliwa unawajibika kwenda, na ambayo mwisho wake kwa kawaida ni Novemba, kabla mazungumzo hayo hayajafanyika nyumbani.

Kwa waliopata barua za Machi, vyuo vingi hutaka jibu ifikapo tarehe 1 Mei. Thibitisha kwa chuo kimoja tu, uliza siku hiyo hiyo utaratibu wa hati ya visa, maana masharti ya visa hutofautiana kwa uraia na hubadilika, kisha viandikie vyuo vingine barua fupi ya shukrani kwamba hutakwenda, ili nafasi zako ziwafikie walio kwenye orodha ya kusubiri.